Usemi wa Wahusika wa Rik Mayall

Rik Mayall, mchekeshaji wa Kiingereza aliyefariki London tarehe 9 Juni 2014 akiwa na umri wa miaka 56, husifiwa zaidi kwa mwili wake: macho yaliyokodolewa, pua iliyopanuliwa, mateke, mapigo, na vyombo vya jikoni vilivyotua juu ya kichwa cha mwenziwe. Sifa hizo ni za haki, ila zimefunika jambo lililo kubwa kuliko hizo. Msingi wa kazi yake ni usemi. Wahusika wake walio bora ni watu wanaodai cheo fulani kwa maneno, na maneno hayo hayo ndiyo yanayowaumbua mbele ya watazamaji. Dai lilipoachana na ulimi, Mayall hakuwa na mshindani katika kizazi chake. Dai na ulimi vilipopatana, ustadi wake wote wa uso na mikono haukutosha kumfanya mhusika awe mtu kamili.

Ili kufahamu kwa nini alishika njia hiyo, yafaa kutazama hali ya vichekesho vya Uingereza alipoanza. Mwezi wa Mei 1979 ulifunguliwa ukumbi uitwao Comedy Store katika mtaa wa Soho, London, ndani ya jumba lililokuwa na kilabu cha wanawake wavuao nguo. Mwongozaji wa jukwaa alikuwa Alexei Sayle, na mchekeshaji aliyewachosha watu alipigiwa kengele ateremke. Vijana waliokusanyika hapo ndio walioitwa wachekeshaji mbadala, yaani walioiacha njia iliyozoeleka. Njia hiyo ilikuwa ya visa vifupi vyenye ncha mwishoni, na mara nyingi sana ncha ilimchoma mama mkwe, Mwairishi, mtu mweusi, au mhamiaji kutoka Bara Hindi. Msomaji aliyelelewa katika utani ataliona kosa mara moja. Mtani hutukana kwa kuwa naye hutukanwa, na haki hiyo ni ya pande mbili. Katika vilabu vile upande mmoja ulisema na upande wa pili haukuwamo hata ukumbini.

Vijana wa Soho wakajiwekea mwiko: ubaguzi wa rangi na dharau kwa wanawake visiwe mtaji wa kicheko. Mwiko huo wataajwa sana, lakini tatizo la ufundi lililozaliwa nao halitajwi ipasavyo. Kisa chenye ncha kilipoondolewa, kitu gani kishike nafasi yake? Sayle alijibu kwa hasira na kasi ya maneno. Ben Elton, baadaye kidogo, alijibu kwa hotuba ya siasa. Jibu la Mayall lilikuwa mtu mzima wa kubuniwa, mwenye jina, lafudhi na majivuno yake, anayesimama jukwaani bila kujua kwamba yeye mwenyewe ndiye kichekesho.

Malezi yake yalimfaa kwa kazi hiyo. Alizaliwa tarehe 7 Machi 1958 Matching Tye, katika wilaya ya Essex, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa michezo ya kuigiza. Alikulia Droitwich, katikati ya Uingereza, akasoma Worcester, kisha mwaka 1975 akaingia Chuo Kikuu cha Manchester. Huko alikutana na Adrian Edmondson, aliyekuwa mwenzi wake wa jukwaani kwa muda mrefu kuliko wote, nao wakaunda kikundi walichokiita 20th Century Coyote. Mwaka 1980 wachekeshaji kadhaa wa Comedy Store, Mayall na Edmondson wakiwamo, walihamia katika ukumbi mwingine wa Soho chini ya Peter Richardson, wakajiita Comic Strip.

Mhusika wake mkuu wa siku hizo alikuwa mshairi kijana mwenye hasira. Mshairi huyu husimama kana kwamba taifa zima linamngojea. Hutamka mstari, hunyamaza ili uzito wake uwaingie watu, kisha hutazama huku na huku kuona kama umewaingia. Mstari wenyewe ni mtupu. Maneno ya mapinduzi yamo, ghadhabu imo, lakini wazo halimo, na vina vinapokosekana huvilazimisha. Watu wanapocheka, hukasirika, kwa maana kicheko si heshima aliyoitaka. Mtu asiyejua Kiingereza vema aweza kudhani kuwa kinachochekesha hapo ni ushairi mbaya. Sivyo. Kinachochekesha ni kile kituo baina ya mstari na mstari, ambamo msemaji huomba sifa kwa macho huku ulimi ukijidai hauhitaji sifa ya mtu yeyote.

Ujasiri wa jambo hilo wataka kuangaliwa. Waliokaa ukumbini walikuwa kwa sehemu kubwa vijana waliosoma, wenye kuichukia serikali na kujihesabu watetezi wa wanyonge. Mayall hakuwaletea adui wao wamcheke. Aliwaletea sura yao wenyewe. Kwa hiyo ule upande wa pili uliokosekana katika visa vya vilabu ulipatikana tena, kwa kuwa anayechekwa alikuwa ameketi safu ya mbele.

Kevin Turvey, aliyeonekana mwaka 1981 katika kipindi cha BBC kilichoitwa A Kick Up the Eighties, ni mhusika wa namna nyingine. Yeye ni mpelelezi wa habari kutoka Redditch, mji ulio karibu na Droitwich, naye hukaa kitini akaikabili kamera na kueleza uchunguzi wake wa juma hilo. Uchunguzi haufiki popote. Mada inayotajwa mwanzoni hupotea kabla ya sentensi ya tatu. Badala yake huja habari za njiani, za dukani, za mtu aliyekutana naye na jinsi walivyosalimiana, na kila jambo dogo huelezwa kwa uangalifu ule ule ambao ungelifaa jambo kubwa. Lafudhi ni ya watu wa katikati ya Uingereza, ambayo kwa miaka mingi imefanyiwa mzaha na wenyeji wa London. Hapa pana shitaka lipasalo kujibiwa: je, Mayall hakuvunja mwiko wake kwa kuwacheka watu wa mkoa kwa matamshi yao? Ushahidi wa usemi wenyewe wamtetea. Lafudhi ya Turvey ni timamu, haikutiwa chumvi, nayo ni ile aliyoisikia alipokua. Kosa la Turvey liko katika mpango wa habari, wala si katika sauti. Mtu yule yule angeweza kusoma habari kwa Kiingereza cha wakubwa na bado asiseme kitu, na wako wengi wafanyao hivyo kwa mshahara mzuri.

Mchezo wa The Young Ones, ulioandikwa na Mayall, Elton na Lise Mayer, ulianza kuonyeshwa BBC2 Novemba 1982 na ukaisha mwaka 1984 baada ya vipindi 12. Wanafunzi wanne hukaa katika nyumba chafu, na yule mshairi wa jukwaani sasa amekuwa Rick, mwanafunzi ajiitaye mpinga serikali zote na mshairi wa watu. Badiliko kubwa ni kwamba amepata wa kumjibu. Jukwaani alikuwa na watazamaji wanyamavu. Nyumbani ana Vyvyan, aliyeigizwa na Edmondson, ambaye humjibu kwa ngumi, na Neil, aliyeigizwa na Nigel Planer, ambaye hamjibu kabisa. Rick humwita kila asiyekubaliana naye fashisti, hata kwa ugomvi wa vyombo vichafu, mpaka neno linabaki ganda tupu. Mtu huyu ajitiaye kuzipinga mamlaka zote anampenda Cliff Richard, mwimbaji aliyependwa hata na wazee wenye adabu. Tena Mayall alimpa ulemavu mdogo wa kutamka sauti ya R, hata jina lake mwenyewe halitoki sawasawa kinywani mwake. Katika mchezo huo pasemwa pia kwamba jina Rick lina P isiyotamkwa mwanzoni, na kwa herufi hiyo moja isiyosikika jina lageuka tusi. Ni mara chache tahajia ya Kiingereza, yenye herufi nyingi zisizo na kazi, imepewa kazi nzuri kiasi hicho.

Huenda jibu bora kwa wanaomwona Mayall kuwa mtu wa kelele tu lilitoka mwaka 1985, alipoigiza Khlestakov katika mchezo wa Gogol, The Government Inspector, kwenye National Theatre chini ya Richard Eyre. Khlestakov ni karani mdogo anayedhaniwa kuwa mkaguzi wa serikali, naye kwa kusemasema tu hujipandisha cheo hadi akashindwa kujua uongo wake umeishia wapi. Gogol alimwandika kabla ya nusu ya karne ya kumi na tisa, lakini ni ndugu wa damu wa Rick.

Alan B'Stard ndiye anayeleta ugumu. Laurence Marks na Maurice Gran waliandika The New Statesman kwa ajili ya Mayall, na mchezo huo ulionyeshwa ITV tangu 1987 hadi 1992. B'Stard ni Mbunge wa chama cha Conservative, mwizi, mwongo, mzinzi, na suti zake ni safi. Dhihaka hiyo iliitia serikali ya wakati ule mkwaju wa haki. Lakini tazama usemi wake. B'Stard husema Kiingereza fasaha cha Bungeni, na ufasaha huo haumsaliti hata mara moja. Hutaka kitu, huongopa ili akipate, hukipata. Hakuna pengo. Watazamaji hawajui kitu ambacho yeye hakijui, hivyo hawamcheki. Hucheka pamoja naye, na kucheka pamoja na mjanja kwakaribia kumhusudu. Mayall alimpa madaha, miondoko na uzuri, akazidi kumfanya apendeke. Dhihaka impendezayo anayedhihakiwa imepoteza sehemu ya makali yake, na mwaka 2006, B'Stard aliporudi jukwaani akiwa amehamia chama cha Labour, ilionekana wazi kwamba alikuwa vazi liwezalo kumkaa mwanasiasa yeyote. Yafaa kuongeza kuwa Lord Flashheart, aliyemwigiza katika Blackadder mwaka 1986 na tena 1989, naye hana pengo. Ila Flashheart huingia, hupiga kelele, huondoka na bibi arusi wa mwenziwe, na kwa dakika chache hizo hapana ahitajiye zaidi.

Mwaka 1991 Mayall na Edmondson waliigiza Waiting for Godot ya Samuel Beckett katika Queen's Theatre, London, na mwaka huo huo BBC2 ikaanza kuonyesha Bottom, waliyoiandika wao wenyewe. Vipindi vyake ni 18, vya mwisho vikiwa vya 1995. Wanaume wawili wasio na kazi wala wanawake hukaa katika nyumba duni ya Hammersmith, na ghasia ya kupigana imezidi ile ya The Young Ones. Wahakiki wengi waliiona ghasia tu. Wangalimsikiliza Richie, anayeigizwa na Mayall, wangalisikia kazi yake iliyokomaa kuliko zote. Richie ashika adabu za watu wa tabaka la kati katika nyumba isiyo na kitu cha adabu. Husema kama mwenyeji anayepokea wageni wa heshima, huchagua neno refu panapotosha fupi, hujisahihisha, huongeza kipambo, na chini ya vipambo hivyo husikika hofu ya mtu anayejua kwamba akinyamaza ataonekana alivyo. Mshairi Rick alikuwa kijana, na majivuno ya kijana huweza kusamehewa; Richie ana umri wa makamo, na dai lake halitatimia. Katika kipindi cha 1992 ajitahidi kuonekana mtu wa hadhi mbele ya bibi wa ukoo bora, aliyeigizwa na Helen Lederer, na kila sentensi ya kiungwana aitoayo yamsogeza mbali na uungwana. Katika kipindi kiitwacho Hole, cha 1995, wawili hao wamekwama juu ya gurudumu kubwa la uwanja wa michezo, bila mtu wa tatu wala mahali pa kwenda. Hapo funzo la Beckett laonekana bila kujitangaza: hawana la kufanya ila kusema, na Richie asema mpaka maneno ya fahari yote yamwishie.

Tarehe 9 Aprili 1998 Mayall alipinduka na pikipiki ya magurudumu manne katika shamba lake huko Devon, akazimia kwa siku kadhaa. Alipona, akafanya kazi tena, ingawa si kwa wingi wa zamani. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha maisha yake ambacho si cha maisha yake, kwa kuwa msimulizi ni Rik Mayall wa kubuniwa, ajidaiye kuwa mkuu kuliko watu wote waliopata kuishi. Dai hilo ni kubwa mno, na msomaji amekwisha kukonyezwa tangu jalada. Pengo liko wazi, hivyo hapana raha ya kuligundua. Kitabu chasomeka kwa kurasa kumi na chachosha kwa mia.

Maonyesho ya Bottom ya jukwaani, yaliyozunguka Uingereza mara tano kati ya 1993 na 2003, yana thamani kubwa zaidi kwa mchunguzi wa usemi. Humo Mayall na Edmondson walisahau maneno, au walijifanya kusahau, wakaachana na mchezo wakatukanana kwa majina yao halisi. Mayall, akiwa amekamatwa katika kosa, alijitetea kwa sauti ile ile ya Richie, kwa adabu ile ile na hofu ile ile, na kwa muda watazamaji hawakuweza kujua ni yupi kati ya wawili hao anayesema.