Shahamu, Wanga na Yai: Jinsi Pudini ya Krismasi Inavyogeuzwa Divai

Mtu akiambiwa kwamba wako watu nchini Uingereza ambao huichukua pudini ya Krismasi iliyobaki baada ya sikukuu, wakaivunjavunja ndooni, wakaimwagia maji ya moto na kuigeuza divai, dhana ya kwanza itakayomjia ni kwamba huo ni mzaha wa watu walioshiba. Walakini atakayekaa akahesabu vilivyomo ndani ya pudini hiyo ataona kwamba sehemu yake kubwa ni zabibu na sukari, yaani vitu vile vile ambavyo divai hufanywa kwavyo tangu zama za kale. Na kwamba taabu ya kazi hii haimo katika kuifanya pudini ichachuke, bali imo katika kuyaondoa yale ambayo mpishi, kwa nia njema kabisa, aliyatia ili iwe chakula.

Pudini yenyewe ni mchanganyiko wa zabibu kavu za namna mbili tatu, sukari nyekundu, unga wa ngano, chembe za mkate, mayai, maganda ya machungwa na malimau yaliyokolezwa sukari, shahamu ngumu iyazungukayo mafigo ya ng'ombe, na viungo: mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu. Hutiwa bakulini, ikafungwa kitambaa na kupikwa kwa mvuke kwa muda wa saa sita hata nane, kisha huwekwa majuma kadhaa ili ikolee, na siku yenyewe hupashwa tena, ikamiminiwa brandi na kuwashwa moto mezani. Sisi wa mwambao si wageni kabisa wa chakula hiki, kwa kuwa mnamo mwaka wa 1927, halmashauri iitwayo Empire Marketing Board ilipoeneza mapishi ya pudini ya Mfalme, ambayo kila kitu chake kilitajwa pamoja na nchi ya himaya kilikotoka, karafuu ziliandikwa kuwa ni za Zanzibar, ingawa aijuaye Pemba anajua zilikochumwa zilizo nyingi. Na karafuu hiyo, kama tutakavyoona, ina neno lake katika mambo haya.

Ufundi wa kufanya divai nyumbani ni wa siku nyingi huko Uingereza, nchi ambayo baridi yake haiupendi mzabibu, na kwa sababu hiyo watu wake walizoea kutia hamira katika kila kilicho na utamu au kinachoweza kutiwa utamu: maua ya mwituni, matunda ya vichakani, hata mizizi ya shambani. Vita Kuu ya Pili na mgawo wa sukari viliudhoofisha ufundi huo. Mgawo ulipoondolewa mwaka wa 1953 ukapata nguvu tena, na kitabu cha C.J.J. Berry, First Steps in Winemaking, kilichotoka mwaka wa 1960, kikawafundisha wengi kupima badala ya kubahatisha. Na pudini ni kitu kinachotaka kupimwa.

Basi tuanze na hesabu. Hamira hula sukari ikatoa kilevi na hewa ya kaboni, takriban nusu kwa nusu kwa uzito, na yatosha kukadiria kwamba gramu 17 za sukari katika kila lita huleta asilimia moja ya kilevi. Anayetaka galoni moja ya Kiingereza, yaani lita nne na nusu, yenye kilevi cha asilimia 12, anahitaji gramu mia tisa na kitu, ambazo ni kama ratili mbili. Pudini ya madukani, kwa kawaida, karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Kwa hiyo pudini ya ratili mbili italeta ratili moja, na ratili ya pili itaongezwa kwa mkono. Msomaji ambaye dini yake yamkataza kinywaji hiki hana haja ya kukionja ili anufaike na hesabu hii, maana hewa ile ile ya kaboni ndiyo iumuayo maandazi yake. Lakini ajihadhari mwenye kutumia haidromita, kile kipimo cha kioo kieleacho katika maji ya sukari kuonyesha uzito wake: hupima sukari iliyokwisha kuyeyuka tu, ilhali zabibu za pudini huendelea kuitoa yao kwa siku kadhaa, na kipimo cha siku ya kwanza aghalabu hupungua ukweli.

Mkorofi wa kwanza ni shahamu. Maji ya moto yakimwagwa juu ya pudini iliyovunjwa, shahamu huyeyuka na kupanda juu. Na kwa kuwa ni mafuta magumu kwa tabia yake, yakiachwa usiku kucha mahali pa baridi huganda yakawa kama kifuniko, akayaondoa mtu kwa kijiko. Hapo wengi hudhani kwamba wamemaliza, na sivyo. Kiini cha yai kina kitu kinachoyashika mafuta na maji pamoja yasiachane, na sehemu ya shahamu hubaki ndani kwa umbo la vitone vidogo visivyopanda, na nyingine hubaki imenyonywa na chembe za mkate. Ndiyo maana fundi mwangalifu huyachuja maji yale kwa kitambaa cha melimeli bila ya kukikamua, akiridhika kupoteza kidogo kuliko kuyasukuma mafuta yapite; na huifanya kazi hii yote kabla ya kutia hamira, maana hamira ikisha kuanza, mapovu yake huchafua kila kitu na mafuta hayapati utulivu wa kuganda. Shahamu iliyosahauliwa haiiui divai mara moja: hukaa nayo miezi, hewa ikaigeuza polepole, hata siku ya kufungua chupa ikatoka harufu ya mafuta mabovu ambayo hakuna dawa yake.

Wa pili ni wanga, utokao katika unga na mkate. Hamira ya divai haiwezi kuula wanga, wala wanga hauondoki kwa kuchuja, bali huning'inia ndani ya divai kama ukungu usiotua. Huu ni mlango ambao wapika pombe wa Afrika Mashariki waliufungua zamani bila ya maabara, kwa kutia kimea cha ulezi katika uji; na wataalamu wawili wa Kifaransa, Payen na Persoz, ndio walioitenga mwaka wa 1833 ile nguvu iliyomo ndani ya kimea, ambayo huukata wanga ukawa sukari. Mfanya divai wa leo huinunua nguvu hiyo kwa jina la amilesi, ikiwa unga au matone, na wanga wa pudini huitii upesi kwa sababu ulikwisha kuiva katika mvuke. Huitia maji yakiwa bado na moto lakini yamekwisha kuacha kuchemka, maana mchemko huiua. Kama bado ana shaka, tone la iodini katika kijiko cha divai litamjibu: likigeuka rangi ya buluu iliyokaribia weusi, wanga ungalipo.

Yai nalo, licha ya kuyashika mafuta, huacha utando wa protini, ambao mwishoni huteremshwa chini kwa udongo laini uitwao bentonaiti. Utando utokao katika maganda ya matunda una kimeng'enya chake, pektinesi, kinachotiwa maji yakisha kupoa.

Sasa karafuu. Mafuta yake, kama yalivyo ya mdalasini, huzuia vijidudu kukua, na hamira ni katika vijidudu hivyo. Kadiri iliyomo katika pudini haitoshi kuiua, ila yaweza kuichelewesha. Na kwa hiyo hamira huamshwa kwanza katika gilasi ya maji vuguvugu yenye sukari, iingie ndooni ikiwa na nguvu zake. Lililo baya zaidi ni pudini ya dukani iliyotiwa potasiamu sobeti ili isiote ukungu, kwani dawa hiyo imekusudiwa hasa kuizuia hamira isizaane. Karatasi ya pudini isomwe kabla haijavunjwa.

Yaliyobaki ni ya divai yoyote: siku chache ndooni chini ya kitambaa, kisha chupa kubwa la kioo lenye kizibo cha mrija uliotiwa maji, hewa ya kaboni itoke na ya nje isiingie, kisha kuihamisha kutoka katika mashapo yake, na kungoja miezi.

Je, kazi hii ina faida? Kwa insafu, faida yake haimo katika shahamu, wala mkate, wala yai, ambavyo vyote huishia kumwagwa. Imo katika zile saa nyingi za mvuke, ambazo huzipa zabibu na sukari nyekundu weusi na ladha nzito ambayo zabibu mbichi haina, na sehemu ya ladha hiyo hamira haiwezi kuila, ikabaki katika divai. Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye kutaka kujaribu ni kwamba asimalize pudini nzuri kwa ajili hii; achukue zabibu kavu, sukari nyekundu, maganda na viungo, avipike bakulini kwa mvuke saa zile zile bila ya shahamu, unga wala yai, kisha afanye divai kwa hicho. Asifunge chupa kabla haidromita haijasimama mahali pamoja kwa majuma, kwani divai iliyofungwa ingali inachachuka hupasua kioo. Sheria ya Uingereza humruhusu mtu kufanya divai ya matumizi ya nyumbani kwake. Kuiuza bila ya leseni, au kuigeuza pombe kali kwa mvuke kama ifanywavyo gongo, haimruhusu.