Picha za Taos: Achoraye na Achorwaye

Wengi wetu tuna picha ukutani nyumbani. Mmoja ana kalenda aliyopewa dukani, mwingine ana picha aliyoikata gazetini, mwingine ana picha ya arusi yake. Twazitazama kila siku, lakini ni mara chache tujiulizapo: Aliyeifanya picha hii alitaka tuone nini? Na yule aliyechorwa, je, angejitambua? Maswali haya yametushughulisha tangu tulipopata nafasi ya kuutembelea mji wa Taos, katika jimbo la New Mexico, nchi ya Marekani. Mji huo wasifiwa kwa mambo mawili: picha za rangi, na mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Hatukusudii kuisimulia safari yetu hatua kwa hatua. Twataka kuzipima picha zake, na kusema ipi tumeiona njema, ipi ina kasoro, na kwa sababu gani.

Kwanza na tupaeleze mahali penyewe. Mji wa Taos u katika nchi ya juu, kadiri ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki yainuka milima iitwayo Sangre de Cristo, maana yake kwa Kihispania ni Damu ya Kristo. Kilele chake kiitwacho Wheeler chapita mita 4,000, wala hakuna kilele kirefu kuliko hicho katika jimbo lote. Upande wa magharibi mto Rio Grande umeikata nchi tambarare, ukafanya korongo lenye kina cha kutisha. Tulifika mwezi wa Januari. Theluji ilikuwa imelala juu ya kuta za udongo, na jua linawaka, na mwanga ni safi hata mti ulio mbali huonekana kana kwamba u karibu. Tulipouona mwanga huo hatukuhitaji kuambiwa kwa nini wachoraji walipapenda.

Mwendo mfupi kutoka mjini kiko kijiji cha wenyeji wa asili, kiitwacho Taos Pueblo. Nyumba zake zimejengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliochanganywa na majani makavu na kuanikwa juani, nazo zimepandana ghorofa juu ya ghorofa. Kijito chapita katikati. Wahispania walipofika mara ya kwanza, mwaka 1540, walizikuta nyumba hizo zimesimama, na hata leo zimesimama. Mwaka 1992 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi husema, Nyumba ya udongo haihimili kishindo. Methali ni ya kweli, lakini watu wa Pueblo wameijibu kwa kazi: hawachoki kuzipaka kuta zao udongo mpya. Nyumba ya udongo haidumu kwa nguvu zake yenyewe; yadumu kwa mikono ya wenyewe.

Basi, wachoraji walikujaje? Mwaka 1898 vijana wawili, Ernest Blumenschein na Bert Phillips, walikuwa wakisafiri kwa gari la farasi kwenda Mexico. Karibu na Taos gurudumu likavunjika. Wakarusha sarafu kupiga kura, nayo ikamwangukia Blumenschein, akalichukua gurudumu mpaka mjini litengenezwe. Gurudumu likapona, lakini safari ya Mexico ikafia pale pale. Phillips akabaki, na mwenzake akawa akienda na kurudi, hata akahamia kabisa mwaka 1919. Mwaka 1915 wachoraji sita walifanya chama chao, wakawa wakizipeleka picha zao katika miji mikubwa ya mbali ili zionekane na kununuliwa. Chama hicho kilidumu mpaka mwaka 1927, na sifa ya Taos ikaenea.

Katika hao sita tuanze na E. Irving Couse. Hapana shaka kwamba alikuwa fundi. Alijifunza kazi yake Paris, na mkono wake ulikuwa hodari: mgongo wa mtu aliyechutama, mwanga wa moto juu ya shavu, mng'ao wa chungu, yote ameyapatia. Kampuni ya reli ilizitumia picha zake katika kalenda kwa miaka mingi, na hivyo watu wengi wasiofika Taos kamwe waliijua Taos kwa jicho la Couse. Lakini tazama picha zake kumi kwa pamoja, nawe utaona kasoro. Mtu yule yule amechutama, yu kimya, karibu nusu uchi, anatazama moto au chungu au hindi. Hana jembe lililochakaa, hana mtoto aliaye, hana deni dukani. Waliokaa mbele ya Couse, kama Ben Lujan na Jerry Mirabal, walikuwa watu wa karne ya ishirini, wenye mashamba na jamaa. Naye aliwavika mavazi na kuwapa vyombo alivyoviweka mwenyewe nyumbani kwake, ili wafanane na ndoto ya wanunuzi. Picha ni nzuri, lakini mwenyewe hayumo.

Tunalisema jambo hili kwa sababu limetugusa. Zamani mgeni mmoja alifika kijijini kwetu na kamera, akamkuta bibi yetu ametoka kanisani. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, na miwani, na kitabu cha nyimbo mkononi. Mgeni akamwomba kwa upole avue miwani na viatu, akiweke kitabu, ajifunge nguo kuukuu, akasimame penye kinu na mchi. Bibi hakutwanga siku ya Jumapili maisha yake yote, lakini mgeni ni mgeni, akakubali. Baada ya miezi tukaletewa picha. Bibi aliitazama kwa kitambo, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akauliza, "Mama huyu ni wa kijiji gani?" Tulicheka siku ile. Tuliposimama mbele ya picha za Couse hatukucheka.

Mwingine ni Walter Ufer, aliyeingia katika chama baadaye. Yeye aliwachora watu wa Pueblo mchana, nje, katika jua kali, wamevaa walivyovaa siku zote. Rafiki yake Jim Mirabal yumo katika picha zake nyingi. Mwaka 1935 alimchora Jim pamoja na fundi wa magari, Bob Abbott, na gari lenyewe. Hapo hapana ngoma wala manyoya kichwani. Ni watu wawili wa zama zao, na chuma kibovu. Wako watakaosema kwamba picha hiyo haina uzuri wa mwanga wa moto. Sisi twasema ina jambo lililo bora: Jim angeitazama na kusema, Huyu ni mimi. Kwa kipimo chetu Ufer amemshinda Couse, si kwa mkono, bali kwa heshima.

Yatupasa kuwa wa haki. Wachoraji hawa hawakuwa maadui wa Pueblo. Mwaka 1922 ulipoletwa mswada wa sheria ambao ungewapokonya watu wa vijiji hivyo ardhi yao, wachoraji na waandishi wa Taos na Santa Fe walitia sahihi zao kuupinga, na mswada ule haukupita. Mtu aweza kumtetea jirani yake kwa moyo safi, na bado asimwone vema anapomchora.

Kusini ya mji, mahali paitwapo Ranchos de Taos, liko kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lililojengwa kwa udongo zaidi ya miaka 200 iliyopita. Georgia O'Keeffe, aliyefika Taos mwaka 1929, alilichora mara kadhaa kutoka nyuma, pasipo mlango wala dirisha wala mtu, kuta nene tu zilizovimba kama kichuguu chini ya mbingu. Ni picha zenye nguvu. Hata asiyependa picha atasimama. Lakini tulipolizunguka kanisa lenyewe tuligundua kilichoachwa, nacho ni mikono. Kila mwaka, mwezi wa Juni, Wakristo wa mahali pale hukusanyika, wazee kwa watoto, wakazipaka kuta udongo na majani makavu. Mwaka 1967 walichoka na kazi hiyo, kanisa likafunikwa kwa lipu ngumu ya saruji. Maji yakaingia ndani ya lipu, yakakosa pa kutokea, na matofali yakaanza kuoza kwa siri. Mwaka 1979 lipu ikabanduliwa, udongo ukarudishwa, na mikono ikarudi. Tangu siku ile twaamini kwamba kazi bora ya sanaa katika Taos haikutundikwa katika chumba chochote cha maonyesho. Ni ukuta ule, na waufanyao upya hawatii sahihi.

Sasa tumfikie mtu ambaye wageni wengi hawamjui. Albert Looking Elk Martinez alizaliwa Pueblo, naye alikuwa mmoja wa waliokaa ili wachorwe na Oscar Berninghaus. Berninghaus akampa rangi na brashi. Tendo hilo twamsifu nalo. Looking Elk akaanza kuchora mwenyewe nyumba za kwao, kijito na mlima, picha ndogo ndogo alizowauzia wageni waliofika kijijini. Watu wengine wawili wa Pueblo, Albert Lujan na Juan Mirabal, walifanya vivyo hivyo. Lakini wataalamu hawakuwajali. Siku zile walitaka mtu wa asili achore kwa namna waliyoiona kuwa ya asili, umbo bapa lisilo kivuli, kama ilivyofundishwa katika shule ya Santa Fe tangu mwaka 1932. Fikirini jambo hili, wasomaji. Mgeni akiichora nyumba ya Pueblo kwa rangi za mafuta, aitwa bingwa. Mwenye nyumba akiichora kwa rangi zile zile, aonekana anaiga! Mkono wa Looking Elk hauufikii mkono wa Couse, hatutasema uongo. Lakini picha zake hazimtaki mtu achutame. Ni picha za mtu anayejua mlango upi ni wa shangazi yake.

Limebaki jambo la theluji. Kadiri ya kilomita 30 kutoka mjini, mahali palipokuwa zamani na machimbo ya shaba, Ernie Blake, mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha mwaka 1955 uwanja wa mchezo wa skii. Watu hupandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, kisha huteremka mbio juu ya mbao mbili zilizofungwa miguuni. Tuliona watoto wadogo wakishuka kama vipanga, na wazee wakianguka na kucheka. Mteremko ulio mbele ya mgeni anapofika ni mkali mno, na kwa miaka mingi pamekuwa na kibao maarufu kinachomwambia asiogope, kwa kuwa anachokiona ni sehemu ndogo tu ya uwanja. Tulitamani kibao kama hicho kingewekwa chini ya kila picha ya Taos.

Maana katika milima hiyo hiyo liko Ziwa la Buluu, ambalo maji yake hushuka kuwa kijito cha Pueblo, nalo ni mahali patakatifu kwa watu wale. Mwaka 1906 serikali ililichukua pamoja na msitu wake. Miaka yote wachoraji walipokuwa wakiwachora, watu wale walikuwa wakilidai ziwa lao. Walipotakiwa kupokea fedha badala yake, walizikataa. Mwaka 1970 mzee wao wa dini, Juan de Jesus Romero, aliyekuwa na umri wa miaka 90 hivi, alikwenda Washington, na mwezi wa Desemba ekari 48,000 zikarudishwa, baada ya miaka 64. Katika picha zote tulizoziona mjini hatukuona hata moja ya madai hayo. Walichorwa wakiwa wametulia, na kumbe walikuwa katika kudai.

Leo mgeni haruhusiwi kwenda Ziwa la Buluu. Kijijini haruhusiwi kupiga picha siku za sikukuu, wala ndani ya kanisa, wala kumpiga mtu picha pasipo kumwomba. Wenzetu katika safari walinung'unika; sisi tulifurahi. Aliyechorwa muda mrefu amejifunza kusema, Hapa basi.

Walimu wenzetu na wazazi, tukirudi kwetu tusizitupe picha za wageni. Nyingine zina ufundi wa kujifunza. Bali tuwafundishe watoto kuuliza: Mtu huyu anafanya kazi gani? Ana jina? Angejitambua? Kisha tuwape kalamu, wachore mlango wa shangazi yao, na tusiwacheke mkono ukiteleza. Husemwa, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na aje, kwa hakika. Lakini mwenyeji asivuliwe miwani yake.