Watoboaji wa Tundu Lisiloonekana
Mwaka 2003, maabarani Delft, Uholanzi, watafiti waliumulika utando wa oksidi ya silikoni uliotobolewa kwa mwale wa hadubini ya elektroni, wakaliona tundu likijifunga taratibu kwenye skrini. Walipouzima mwale, lilibaki na upana wa nanomita chache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita; uzi wa DNA una unene wa kama mbili.

Yanayofuata baada ya kutoboa hayasimuliwi sana, nayo ndiyo kazi yenyewe. Utando hupasuka kibano kikiteleza. Huoshwa kwa asidi ya salfuriki iliyochanganywa na hidrojeni peroksaidi, dawa inayounguza ngozi vibaya, la sivyo maji ya chumvi hayaingii tunduni. Kiputo kimoja cha hewa kikikwama, kipimo kimeharibika. Kisha umeme hupitishwa, na kila molekuli ya DNA inapopenya tunduni, mkondo hubadilika kidogo, mara nyingi kwa chini ya milisekunde. Ishara hiyo ni hafifu mno, hata kifaa hufungiwa ndani ya sanduku la chuma lisipenyezwe na umeme wa nje. Na tundu lenyewe huziba, au hupanuka, na watafiti huanza upya.

Mwaka 2014, watafiti wa Ottawa, Kanada, walieleza namna ya kutoboa kwa volti pekee, utando ukiwa majini. Hiyo naiheshimu kuliko zote: imewafikia wasio na hadubini ya elektroni.

Ukisikia molekuli moja ya DNA imepimwa, uliza pia nani alilitoboa tundu.