Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumie

Kila Julai, tarehe 6 hadi 14, mji wa Pamplona kaskazini mwa Hispania hufurika wageni wa sikukuu ya San Fermín. Huvaa nguo nyeupe na vitambaa vyekundu shingoni, hunywa, na kuanzia tarehe 7, saa mbili kila asubuhi, wapo wanaokimbia mbele ya mafahali vichochoroni, kama mita 850 hivi, mpaka ndani ya uwanja. Wengi wameletwa na kitabu, wawe wamekisoma au la. Ernest Hemingway alifika pale mara ya kwanza mwaka 1923, na mwaka 1926 akatoa riwaya ya The Sun Also Rises. Leo sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa mafahali. Mgeni kuwekewa sanamu na wenyeji, bwana, si mchezo!

Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoisoma riwaya hii. Vijiweni, mwandishi chipukizi akiitaja utasikia: mvinyo, Paris, wanawake, fahali, raha mustarehe. Eti ukitaka kuandika, funga begi, nenda kwenye sherehe za watu, utarudi na riwaya. Mimi nasema hapana. Hii ni riwaya ya mgeni mbaya, na Hemingway alilijua hilo kuliko mashabiki wake.

Mchukue Montoya, mwenye hoteli. Anaupenda mchezo wa ng'ombe kwa moyo wote (si ule wa Pemba ambako fahali hauawi; huu mwisho wake ni upanga). Anamwamini Jake Barnes, Mmarekani mwandishi wa habari anayetusimulia, kwa kuwa ameona naye anaupenda kikweli. Anamwomba hata ushauri. Kuna kijana wa miaka 19, Pedro Romero, hodari mno uwanjani, na wakubwa wa kigeni wameanza kumwalika. Apelekewe ujumbe wao? Jake anajibu asipelekewe. Wote wawili wanajua wageni wanavyoweza kumharibu kijana.

Halafu, jamani, huyo huyo Jake anamkaribisha Romero mezani kwao, penye Brett, mwanamke anayewaumiza vichwa wanaume wa kundi zima. Montoya anapita, anamkuta kijana wake kakaa katikati ya walevi, gilasi ya brandi mkononi. Anaondoka bila hata kumwashiria Jake kwa kichwa. Hakuna matusi wala hotuba. Imani imekwisha. Baadaye Jake ndiye anayempeleka Brett kwa Romero.

Kisha kuna maiti. Asubuhi moja fahali anamchoma pembe mkimbiaji, naye anafariki. Hemingway anampa jina, Vicente Girones, umri wa miaka 28, shamba, mke na watoto wawili, yote katika maneno machache. Papo hapo anatueleza habari za fahali: aliuawa na Romero, sikio lake likakatwa, Romero akampa Brett, naye akaliviringisha kwenye leso na kuliacha ndani ya droo hotelini pamoja na vipisi vya sigara. Mke wa marehemu anasindikiza jeneza kwenye treni. Zawadi iliyotokana na kifo kile imetupwa kwenye taka za mgeni. Mwandishi hatuambii tuone aibu. Anaorodhesha vitu tu, aibu inakuja yenyewe.

Lakini nisimpambe mno. San Fermín ni mtakatifu, na sikukuu ni yake kwanza. Kwenye riwaya ibada inapita kwa mbali kama mvua ya jirani. Watu wa Pamplona wanacheza ngoma kwa zumari, wanamzunguka Brett na kumvisha kitunguu saumu shingoni, lakini wengi hawana majina. Tunakaa kwenye viti vya mkahawa na kuwatazama. Na maneno anayorushiwa Cohn kwa sababu ya Uyahudi wake yananikera hadi leo. Sehemu ninayoipenda ni ile ya basi la kwenda Burguete: wakulima wa Kibaski wanawafundisha wageni kunywa mvinyo kutoka kwenye kiriba, watu wanacheka, kiriba kinazunguka. Hapo mgeni anapewa na yeye anatoa. Bahati mbaya safari ile ni fupi.

Nayasema haya kwa kuwa nasi tunaandika sherehe za wengine. Nenda Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, mwezi huo huo wa Julai: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, kamera zimejaa. Kijana wa Dar akirudi huandika moshi na migomba, basi. Nani alikijenga kile kibanda? Nani alipika siku ile? Hatuambiwi.

Katika riwaya hii yupo mtu mmoja aliyeuliza maswali ya namna hiyo: mhudumu wa mkahawa, ambaye baada ya kifo kile anashangaa mtu kufa hivihivi kwa ajili ya starehe. Anasema machache, anarudi kazini kwake. Tangu mbio zile zianze kuwekewa kumbukumbu mwanzoni mwa karne ya 20, watu wasiopungua 16 wamekufa, na mwaka 2009 alikufa mmoja. Yule mhudumu bado ana la kusema. Isome riwaya, lakini anza na sura ya 17, umsikilize yeye kwanza.