Nyekundu Juu, Kijivu Chini

Trekta la Ukambani hupakwa rangi katika msimu mbaya kuliko yote kwa kazi hiyo. Mvua ya kutegemewa Kitui na Makueni ni ya vuli, inayoanza Oktoba na kukolea Novemba, nayo ndiyo inayootesha ndengu, kunde na mbaazi. Trekta lililolala gereji Novemba ni hasara tupu, kwa hiyo mwenyewe hulipeleka kwa fundi kiangazi, mashamba yakiwa yamekauka na mashine haina kibarua. Miezi hiyo ndiyo ya upepo na vumbi jekundu, na rangi mbichi hudaka kila chembe inayopita. Fundi anatakiwa afanye kazi ya usafi mahali ambapo hewa yenyewe ni chafu. Na bado matrekta yanatoka pale yakimeremeta. Sijaona ufundi unaostahili sifa kuliko huo na unaosifiwa kidogo namna hiyo.

Mengi ninayoyaona yakifufuliwa Kitui mjini, Wote na Emali ni Massey Ferguson, hasa lile la 135 lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu haina mambo mengi, na vipuri vyake bado vinapatikana. Rangi zake mbili zina asili yake. Harry Ferguson alikuwa amelipaka trekta lake la TE20, lililoanza kuundwa Coventry mwaka 1946, kijivu kitupu. Massey-Harris ya Kanada nayo ilikuwa na wekundu wake. Kampuni hizo ziliungana mwaka 1953, na baada ya miaka michache rangi zikapatana: nyekundu ikakaa juu, kwenye boneti na madigadi, kijivu kikabaki chini, kwenye injini na gia. Ndiyo maana sipendi kuona trekta limepulizwa wekundu kuanzia pua hadi ekseli ya nyuma. Linang'aa, ndiyo, lakini limepokonywa nusu ya ukoo wake.

Watu humwona fundi wa rangi siku ya kupuliza, ilhali kazi yake kubwa imeshapita. Kwanza ni grisi ya miaka na miaka iliyochanganyika na udongo ikawa ngumu. Inakwanguliwa, inalainishwa kwa dizeli, kisha inaoshwa kwa sabuni mpaka maji yatiririke juu ya chuma bila kujikusanya matone, maana rangi haishiki penye mafuta. Kisha kutu. Matrekta yaliyofanya kazi kwenye mkonge upande wa Kibwezi huja yameliwa vibaya chini ya madigadi, kwani maji ya majani ya mkonge ni makali kwa chuma. Na rangi kuukuu aghalabu ina risasi ndani yake, hivyo fundi mwenye akili haisugui kavu ikawa vumbi la kuvuta puani. Huisugua kwa maji.

Hayo maji yana gharama yake. Sehemu nyingi za Kitui maji hufika kwa punda, katika mitungi ya lita 20, mara nyingine yamechotwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kuyamwaga juu ya boneti ili msasa usichimbe ni uamuzi wa mtu anayejua bei yake. Nimewasikia wakibishana juu ya jambo hilo, mwenye trekta na fundi, bila kukosana:

"Fundi, si upulize tu tumalize?"

"Mzee, nikipuliza sasa utarudi hapa kabla ya Krismasi."

Kuna hatua moja ambayo ningependa kila mtu aitazame kwa karibu. Praima ikishakauka, fundi hupuliza juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, kama masizi. Halafu anakata kipande cha soli ya slipas kuukuu, anakizungushia msasa wa maji namba 400 na kuanza kusugua taratibu. Weusi unaondoka. Penye bonde, hata lile ambalo jicho halikuliona, weusi unabaki kama doa. Penye kilima, chuma kinachungulia mapema. Boneti nzima inageuka ramani ya makosa yake yenyewe, na fundi anairekebisha doa kwa doa, puti kidogo hapa, msasa zaidi pale, mpaka weusi uishe wote kwa pamoja. Siku ya mwisho hakuna atakayeuona weusi ule wala kujua ulikuwapo.

Kupuliza kwenyewe hufanyika alfajiri, upepo haujaamka. Ardhi inamwagiwa maji, turubai linatundikwa pande tatu. Mkono unakwenda sambamba na bati, hauzunguki, na kila mstari unafunika nusu ya ule uliotangulia. Jua likipanda, thina huruka kabla rangi haijalala vizuri, na uso unatoka na vinundu kama ganda la chungwa, hivyo saa nne fundi ameshaweka chini bunduki yake ya kupulizia. Hapa sitanyamaza: rangi zinazochanganywa na hadina, dawa ya kuzigandisha, zina kemikali inayoleta pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Kijana anayefundishwa kazi hii apewe barakoa yenye vichujio siku ileile anayokabidhiwa bunduki.

Ustadi mwingine ni wa kujua pa kuacha. Rejeta hupewa rangi nyepesi mno au haipewi kabisa, kwa kuwa rangi nzito kwenye mapezi yake huzuia joto kutoka, na joto la Makindu halisamehe. Vitundu vya kupigia grisi havizibwi. Bomba la moshi linataka rangi yake ya kuhimili moto. Kibati chenye namba ya trekta hufunikwa kwa tepu, kwa sababu namba ile ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Fundi na mwenye trekta wanajua kitakachofuata. Novemba trekta litapenya kwenye migunga, miiba itachora madigadi, jembe likigonga jiwe kokoto zitaruka, na kwenye kona nyembamba za matuta ya Makueni boneti itakwaruzwa na tawi la mwembe. Hili si trekta la kukaa kwenye maonyesho. Uso ambao fundi ameusugua hadi weusi ukaisha utakuwa na alama kabla ndengu hazijachipua, na hajapunguza hatua hata moja kwa sababu hiyo. Mwenye kuulipia naye hajamwomba apunguze, pindi akishaona kazi inavyofanyika.

Fundi mzuri halifichi jambo hilo. Anapokabidhi ufunguo huongeza chupa ndogo mbili zilizofungwa kwa nailoni, moja nyekundu na moja kijivu, za mchanganyiko uleule uliopulizwa, pamoja na brashi nyembamba. Maelezo yake ni mafupi: kila jioni lizunguke, na palipochubuka hadi chuma pasafishe kwa msasa, upake kabla umande haujashuka.