Mungu Mwenye Makao: Jinsi Bonde la Ufa Lilivyogawa Himaya za Mbinguni

Mwandishi chipukizi anayebuni ulimwengu wake huanza, mara nyingi, na orodha. Huyu ni mungu wa vita, yule wa mapenzi, wa tatu wa bahari. Orodha ikishakamilika, miungu hao hukaa tu kwenye ukurasa bila kazi, wakingoja shujaa awahitaji. Ukiwa Nakuru huna haja ya kwenda Ugiriki kutafuta mfano ulio bora zaidi. Wakalenjin na Wamaasai wa Bonde la Ufa walipanga nguvu za juu na za chini kwa kanuni nyingine kabisa, na kanuni hiyo inafaa kuchambuliwa kipande kwa kipande.

Tuanze juu. Kwa Wanandi na Wakipsigis, ambao ni Wakalenjin, aliye mkuu ni Asis, ambaye jua ni ishara yake. Ni mwema, na yuko mbali. Mzee aliamka, akaelekea mashariki, akatema mate ya baraka kuelekea jua linalochomoza. Nje ya nyumba palisimamishwa mabwaita, madhabahu ya kifamilia ya matawi. Lakini Asis hakuitwa kila ng'ombe alipokohoa. Huu ndio uamuzi wa kwanza wa kifundi, na mengine yote yanaufuata: mkuu ameachiwa umbali. Angekuwa anashughulikia kila jambo mwenyewe, walio chini yake wangebaki mapambo.

Uamuzi wa pili unahusu radi. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909. Humo ameandika kwamba kuna Ilet, miungu wa radi, wawili: mmoja mwema na mmoja mbaya. Radi inayopasuka juu ya paa ni yule mbaya anayetaka kuua watu. Ngurumo inayosikika kwa mbali ni yule mwema anayemzuia. Miaka minne kabla ya hapo, katika kitabu chake juu ya Wamaasai, alikuwa ameandika habari inayofanana na hiyo sana: Enkai Narok, Mungu Mweusi, anataka watu wapate mvua, ilhali Enkai Nanyokie, Mungu Mwekundu, anawanyima, na kishindo cha karibu ni chake.

Tazama kinachowatenganisha wawili hawa: ni umbali wa sauti, basi. Mtoto wa Subukia anayesikia mvua ya Aprili ikiteremka anaweza kujua nani anasema, bila kuhani wala mganga wa kumfasiria. Tena kuna ujanja ndani yake. Kila dhoruba hukaribia, hupasuka, kisha hujikokota ikaenda zake. Kwa hiyo kila dhoruba inaishia kwa sauti ya yule mwema. Aliyesalimika, na wengi husalimika, amesikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba mtetezi wake ameshinda. Imani hii haikuhitaji kuhubiriwa, kwa kuwa ilijithibitisha kila msimu wa mvua.

Tahadhari moja hapa. Wamaasai wengi husema Enkai ni mmoja, na rangi mbili ni hali zake mbili. Ofisa aliyezoea kuhesabu vibanda vya kodi angeweza kwa urahisi kuhesabu miungu kwa mtindo uleule. Kwa mbunifu, utata huo ni mali. Swali la kama ni wawili au ni mmoja mwenye hasira na huruma linaweza kuachwa wazi, na waumini wakaendelea na maisha yao.

Tukiteremka Baringo kwa Wapokot, ramani inabadilika. Mervyn Beech, aliyeandika juu yao mwaka 1911, anaonyesha familia nzima. Tororut ndiye baba. Mkewe ni Seta, kundi la nyota za kilimia. Mwezi, Arawa, ni kifungua mimba wao. Asis, ambaye kwa majirani ni mkuu wa wote, hapa ni mdogo wake Tororut. Na Ilat, mwenye mvua, ni mwana anayetumwa maji na babaye. Maji yakimwagika njiani, watu wa chini wanapata mvua.

Himaya ya Ilat, kwa hiyo, ni kazi ya nyumbani. Na kazi hiyo inaeleza tabia ya mvua kuliko cheo chochote kingeweza kueleza. Katika nchi kavu kama Baringo, mvua hunyesha upande huu wa lugga, mto mkavu, ikauacha ule. Mungu wa mvua mwenye kiti na fimbo angelazimika kutoa sababu ya ubaguzi huo. Kijana aliyebeba maji hana sababu ya kutoa: yamemwagika yalipomwagikia.

Kwa nini familia? Jibu linaonekana vizuri ukitazama Buganda. Kule, lubaale, yaani miungu, walikuwa na idara. Mukasa alishika ziwa, na hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Kibuuka alikuwa wa vita, Kiwanuka wa radi, Musoke wa upinde wa mvua, Walumbe wa kifo. Walikuwa na makuhani na mahekalu, na Kabaka mwenyewe aliwatumia ujumbe na zawadi. Masalio ya Kibuuka yaliwahi kuwekwa makumbusho huko Cambridge, yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Huo ni mpangilio wa watu walioishi chini ya mfalme na mawaziri wake. Bonde la Ufa halikuwa na kiti cha enzi. Palikuwa na marika, koo na kokwet, baraza la wazee wa jirani. Hata Orkoiyot, kiongozi wa kiibada wa Wanandi, pamoja na heshima yake kubwa ya karne ya 19, hakuugeuza mji wa Asis kuwa ikulu. Kwa maoni yangu, watu huazima kwa ajili ya mbingu utawala wanaoujua. Waliojua nyumba na ukoo waliazima nyumba na ukoo.

Na ukoo una faida ambayo wizara haina: unaweka mipaka. Wanandi wa ukoo wa Toiyoi walihesabu radi kuwa yao. Dhoruba ilipozidi, mtu wa ukoo huo alichukua shoka, akalipaka majivu ya mekoni, akalitupa nje na kuiamuru radi inyamaze kwao. Jirani wa ukoo mwingine hakuwa na haki hiyo. Nguvu inayoweza kuunguza boma zima ina jamaa wa kuikemea. Mara nyingi hiki ndicho kipande kinachokosekana katika dunia za kubuni: tunaambiwa mungu anaweza nini, hatuambiwi nani anaweza kumkataza.

Chini kabisa wako oiik, mizimu ya waliokufa, na hao ndio wenye kazi nyingi kuliko wote. Ugonjwa ulipoingia nyumbani, walishukiwa wao kwanza. Nyoka aliyepanda kitanda cha mwanamke hakuuawa; alimwagiwa maziwa, kwa kuwa ameletwa na wazee kumjulisha kwamba atajifungua salama. Ukiwapanga wote sasa, kanuni inajitokeza: aliye mbali ni mwema na haingilii, wa mawinguni hubadilika kwa msimu, na aliye chini ya sakafu ni mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kuridhishwa. Chemosit, zimwi la mguu mmoja linalovizia watoto usiku, yuko nje ya mpango huu. Anaogopwa, lakini hakuna anayemwaga maziwa kwa jina lake. Mungu mdogo ni yule unayedaiana naye.

Kreta ya Menengai inatuonyesha kinachotokea deni lisipokuwa na mlipaji. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19 wapiganaji wa Ilaikipiak walitupwa ndani ya kreta, na kwamba mvuke unaopanda ni roho zao zikitafuta njia. Wakikuyu wanapaita Kirima kĩa Ngoma, mlima wa mizimu. Nionavyo, hofu ya pale inatokana na hilo: wafu hao hawana mtoto wala mjukuu jirani wa kuwatuliza. Leo mvuke uleule unazalisha umeme, na mapango ya kreta hiyo yana Wakristo wanaofunga na kuomba. Himaya imebadilisha wenyeji, lakini mahali pamebaki palepale.

Mpango huu una udhaifu wake. Ukimpa mungu makao, unampa pia cha kupoteza. Waendorois wanaamini kwamba roho za wafu wao wote, popote walipozikwa, huishi katika Ziwa Bogoria. Hifadhi ya wanyama ilipoanzishwa hapo mwaka 1973 na wao wakaondolewa, hawakunyimwa malisho peke yake. Mungu asiye na mahali angehama nao, hawa hawakuweza. Lakini udhaifu huo ukageuka hoja. Mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, walieleza ni wapi hasa ibada yao hufanyika na kwa nini haiwezi kufanyika kwingine. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, Tume ilikubali kwamba Kenya ilivunja, pamoja na haki nyingine, uhuru wao wa dini.

Kwa hiyo, anayebuni dunia yake na aiweke orodha kando. Kwa kila mungu mdogo aulize mambo matatu: anakaa wapi, anamdai nani, na nani anaweza kumwambia anyamaze. Akiyajibu hayo, himaya itajichora yenyewe. Akishindwa, amebaki na jina tu na cheo.