Kipimo cha damu kilichopimwa kwa mlima

Huwezi kusema kipimo cha kingamwili ni kizuri kama huna cha kukilinganisha nacho. Kwa tetekuwanga kipo: vipimo vipya hulinganishwa na njia ya zamani ya kutazama kwa hadubini kingamwili zikiwaka juu ya seli zenye virusi. Watafiti waliotaka kujua, kupitia damu, malaria ilivyoenea kaskazini mashariki mwa Tanzania hawakuwa na kigezo kama hicho. Wakautumia mlima.

Ukipanda milima ya Usambara kutoka Mombo kwenda Soni hadi Lushoto, baridi huongezeka. Kwenye baridi kimelea cha malaria huchelewa kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla hakijawa tayari. Utafiti wa mbu wa Usambara uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta maambukizi ya juu milimani yamepungua kwa zaidi ya mara 1,000 yakilinganishwa na ya tambarare. Basi matokeo ya kipimo cha kuaminika hayana budi kushuka kadiri kijiji kinavyokuwa juu.

Watafiti hao, Chris Drakeley na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2005, walipima kwa ELISA kingamwili dhidi ya protini tatu za kimelea, katika damu ya watu wa rika zote. Katika kipimo hicho protini hugandishwa kwenye vishimo vya kisahani, kisha seramu humiminwa. Kingamwili zikiwamo hunasa, nyingine husuuzwa, na kimeng'enya kinachounganishwa na zilizonasa hutoa rangi ambayo mashine huisoma.

Kingamwili dhidi ya kipande cha MSP-1, mojawapo ya protini hizo tatu, ziliufuata mwinuko kwa karibu kuliko vimelea vilivyoonekana kwa hadubini, na kuliko kiwango cha himoglobini katika damu. Naona sababu yake wazi. Hadubini huona vimelea vya siku hiyo tu; aliyemeza dawa juzi huonekana hana kitu. Himoglobini nayo haishushwi na malaria tu, bali pia na minyoo na lishe duni. Kingamwili hubaki na kumbukumbu ya miaka.

Lakini uamuzi ninaouthamini zaidi ni wa kupanga majibu kwa umri. Mahali ambapo maambukizi hayabadiliki, asilimia ya wenye kingamwili hupanda taratibu kutoka utotoni hadi uzeeni. Mstari ukivunjika ghafla, watoto wenye kingamwili wakiwa wachache mno wakilinganishwa na watu wazima, kuna jambo limebadilika katika miaka ya umri wao. Kwa kuchukua damu mara moja unasoma historia ya kijiji, kazi ambayo wakamata mbu wangeifanya kwa miaka mingi.

Hapa ndipo malaria inapoachana na tetekuwanga. Kingamwili za tetekuwanga kwa kawaida humaanisha mtu ana kinga. Za malaria husema tu kwamba aliwahi kuambukizwa, na pengine hakuambukizwa kijijini kwake bali huko bondeni alikokwenda kibarua. Kwa mganga wa zahanati mwenye mtoto wa homa mbele yake, jibu hilo halimsaidii kuamua dawa. Linamfaa anayepanga vyandarua vya wilaya, mradi aulize pia nani husafiri.